Barua ya Chura Kijana

Vidole vya Mama Nakala vilikuwa na akili zao. Yeye mwenyewe alikuwa na akili zake, nzuri tu, lakini alipokaa mbele ya kibodi akili hizo zilisogea pembeni kama mama mkwe kwenye harusi, zikatazama na kuguna. Kazi ilifanywa na vidole. Na vidole hivyo vilikuwa vimepiga chapa miaka ishirini na miwili katika Idara ya Vijana, ambako neno "kijana" lilitokea mara kumi na nne katika kila ukurasa, hata ukurasa wa kuomba sabuni ya chooni.

Jina la Nakala alilipata kihalali. Hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake ikaondoka bila kuacha pacha. Barua ya ofisi, nakala. Kadi ya harusi ya binamu, nakala. Kadi ya kliniki ya mwanawe wa kwanza, nakala tatu, na mwana mwenyewe sasa ana ndevu. Mumewe, fundi cherehani mpole aliyezungumza huku amebana pini mdomoni, aliwahi kusema kwamba yeye akifa asizikwe mpaka watu wahakikishe wanayemzika ndiye halisi.

Idara ya Vijana ilimhamisha kwa sababu ya neno moja. Kulikuwa na kongamano, na katika ratiba waliyogawiwa watu mia tatu, palipotakiwa pasomeke "Mgeni Rasmi atawasili saa nne", vidole viliandika "Mgeni Rahisi atawasili saa nne". Mgeni Rahisi aliwasili saa saba, akasoma ratiba, akanuna, akala, akanuna tena. Wiki iliyofuata Mama Nakala alikuwa juu ya lori pamoja na kabati lake la mafaili na cherehani ya mumewe, anapandishwa mlimani kwenye ofisi ya misitu, mahali watumishi hupelekwa ili wapoe.

Kupoa alipoa. Ofisi ilikuwa vyumba vitatu na veranda, chini ya bati lililovuja mahali pamoja tu, juu ya kiti cha mgeni. Ukungu uliingia dirishani saa nane mchana bila kupiga hodi na kukaa mpaka watu wafunge kazi. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Bwana Misitu, mkuu wa kituo, aliyeitwa Tutaona na kila mtu aliyewahi kumwomba kitu. Cha pili kilikuwa cha Mama Nakala, kompyuta yake na printa yenye kikohozi sugu. Cha tatu kilikuwa cha zana na mabuti ya Tochi, mlinzi wa msitu, ambaye alikuwa pia mdogo wa mumewe. Shemeji kamili, basi, mwenye haki zote za kumtania kutoka asubuhi hadi jioni, naye Tochi hakuwa mtu wa kuacha haki yake ipotee.

Dirisha la Mama Nakala lilitazama kibonde kilichokuwa nyuma ya ofisi, chenye chemchemi, matope na miti mirefu iliyoota ndevu. Wiki yake ya kwanza alimlaani moyoni mtu wa chumba cha tatu aliyekuwa anabana karatasi kwa stepla kila ukungu ulipoingia. Kla! Kla! Kla! Siku ya tano aliinuka kwenda kumgombeza, akakuta mabuti matupu.

"Huyo ni chura, shemeji," Tochi alimwambia aliporudi kutoka msituni.

"Chura gani anabana karatasi?"

"Chura wa mtini, yule wa kijani. Siku ukimwona utamwomba radhi."

Alimwona siku hiyohiyo, ukungu ukiwa mzito, amekaa juu ya printa kama mtu anayesubiri kuhudumiwa. Hakuzidi urefu wa kidole cha kati. Macho yalikuwa makubwa, ya rangi ya shaba, ncha za vidole bapa na za mviringo kama vifungo vya shati, na ukijani wake ulikuwa mbichi kiasi cha kutia shaka, utadhani kapakwa rangi asubuhi na bado hajakauka. Mama Nakala hakupiga kelele. Alimwomba radhi kweli, kwa sauti, halafu akatazama nyuma kuhakikisha hakuna aliyesikia. Tangu hapo akawa anakunywa chai yake kando ya chemchemi, ameketi juu ya gogo, anajaribu kuwaona juu kwenye matawi na kuwakosa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu mwenye miwani ya kamba, na mara nyingine alirudi kazini akirukaruka.

"Nimezunguka mlima huu miaka kumi na tisa," Tochi alimwambia siku moja. "Sauti hii naisikia hapa kibondeni tu. Kwingine kote, kimya. Hawa wana nyumba moja."

Ndipo ikaja taarifa ya ukumbi.

Makao makuu yalikuwa yameamua kujenga Ukumbi wa Mikutano ya Uhifadhi wa Misitu, viti mia mbili, pamoja na maegesho. Na kwa kuwa sehemu nyingine zote za kituo zilikuwa za mteremko, ukumbi ungejengwa kibondeni. Miti ingekatwa, chemchemi ingezibwa kwa kokoto. Yaani ili watu wapate pa kukaa wajadili namna ya kuuokoa msitu, ilibidi msitu uwapishe. Kazi ingeanza Ijumaa ya tarehe ishirini, saa tano asubuhi. Zilibaki wiki tatu.

Mama Nakala aliingia na karatasi hiyo kwa mkuu wa kituo.

"Bosi, na wale vyura?"

"Tutaona."

"Tutawaona wapi, bosi, miti ikishalala chini?"

Bwana Misitu alivua miwani akaifuta kwa tai. "Mama, nimebakiza miezi saba nistaafu. Saba! Sitaki ugomvi na zege. Ukitaka kuandika barua, andika. Andika chochote, nitatia saini. Lakini sitaisoma, ili nikiulizwa niseme sijui, na iwe kweli."

Andika chochote! Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Alikuwa amepiga chapa hotuba, onyo, pongezi, rambirambi na mashairi mabovu ya mkurugenzi, vyote vya watu wengine. Sasa alikaa mbele ya ukurasa mweupe jasho likamtoka kwapani. Akaanza, akafuta. Akachungulia dirishani. Kla! Basi akaachia vidole vikimbie, na barua ikatoka kwa pumzi moja: kwamba anaishi hapa kibondeni na hana kwingine, kwamba ni mwimbaji, ingawa wengi hawajamsikia, kwamba makazi yake yatabomolewa Ijumaa ya tarehe ishirini bila yeye kuulizwa, na kwamba tunawaomba mje mumwone kabla, kwa macho yenu, maana akiondoka hapa harudi. Bwana Misitu akatia saini akiwa amefumba jicho moja. Barua ikaenda makao makuu. Nakala ikabaki kwenye faili.

Jibu lilikuja Jumatatu ile ya kuelekea Ijumaa yenyewe. Lilikuwa na muhuri wa Idara ya Vijana.

"Ofisi imepokea kwa masikitiko taarifa za msanii chipukizi Chura Kijana," lilisema, "na inalaani vikali tabia ya kuwabomolea vijana makazi yao. Afisa Vijana atafika kituoni Alhamisi kuonana naye na wenzake."

Mama Nakala alikwenda kwenye faili. Akaitoa nakala na kuivalia miwani. YAH: CHURA KIJANA WA MLIMANI. Chini yake, chura kijana, chura kijana, chura kijana, mara saba, na mara moja tu, mwishoni kabisa, chura kijani, kana kwamba vidole vilishtuka vikaona haya.

Tochi aliisoma barua, akaketi sakafuni, akacheka mpaka akaomba maji.

"Shemeji, huo mkono unapiga chapa au unapiga ramli?"

"Nyamaza."

"Msanii chipukizi! Na yeye hata suruali hana!"

"Nyamaza, wewe! Hujaona hatari yake?"

Akaiona, akainuka sakafuni. Barua ya masahihisho ingekaa masijala ya makao makuu wiki tatu, na miti ilikuwa imebakiza siku nne. Katika nchi nzima mtu mmoja tu alikuwa anakuja kibondeni kabla ya Ijumaa, naye alikuwa anamfuata mtu asiyekuwepo. Akigundua, ataondoka kwa hasira, na hakuna mwingine atakayekuja. Walimweleza Bwana Misitu. Akasema tutaona, kisha akashikwa na homa iliyomlaza kwake mpaka Jumamosi.

Alhamisi saa saba, lori la mbao lilimshusha Afisa Vijana. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, raba nyeupe pee, shati limenyooka, na begani furushi la fulana arobaini zilizoandikwa CHURA KIJANA: FURSA IPO.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Usikae hapo!"

Alikwisha kaa. Tone likamwangukia utosini.

"Yuko wapi msanii wetu?" aliuliza akijifuta. "Nimemtafuta mtandaoni sikumpata. Anaimba muziki gani?"

"Wa asili," Tochi alidakia kutoka mlangoni.

"Safi sana. Yuko peke yake?"

"Ana kundi kubwa. Wanapenda kukaa juu."

"Vijana wote ndoto zao ziko juu," alisema afisa kwa hisia, akaandika hiyo.

Mama Nakala alimkata Tochi jicho, akamtangulia mgeni kuelekea kibondeni. Nusu ya njia, raba ya kulia ya afisa ilizama kwenye matope na kugoma kutoka. Hapo roho ikamsuta.

"Mwanangu, simama kidogo."

"Nimesimama, mama. Sina namna."

"Mimi nina umri wa mama yako, siwezi kukudanganya. Chura Kijana si mtu. Ni chura. Nilitaka kuandika kijani, mkono ukaandika kijana. Kosa la herufi moja."

Afisa alimtazama. Akamtazama Tochi. Akaitazama raba.

"Herufi moja," alisema polepole. "Mama, mimi nimekaa juu ya mbao saa sita. Nina fulana arobaini! Nimeahidiwa kwaya!"

"Kwaya ipo," Tochi alisema.

"Wewe usiniongeleshe!"

Alijikalia kwenye gogo la kando ya njia, mguu mmoja raba, mwingine soksi, akatoa fomu kwenye mkoba na kuitandaza gotini. Sasa alizungumza nayo hiyo fomu. "Ukanda wa Mlimani, makundi yaliyosajiliwa: hakuna. Mwaka juzi hakuna. Mwaka jana hakuna. Ikirudi tupu tena, mwaka huu naitwa kujieleza. Nitajieleza nini? Vijana wote wa mlimani wameshuka mjini! Huku wamebaki wazee na..." Hakumaliza, maana kitu kidogo cha kijani kilidondoka kutoka tawini kikanata begani mwake, kikamwangalia kwa macho ya shaba.

Afisa aligeuza shingo taratibu.

"Ndiye huyu?" afisa alinong'ona.

"Ndiye," Mama Nakala alisema. "Mwamkie tu, hana makuu."

Tochi alijikohoza. "Afisa, niruhusu neno moja. Hukukosewa sana. Huyu alivyo wa kijani hivi ndiye kijana kweli. Wakishazeeka, wengi wao hubadilika wakawa hudhurungi, kama jani kavu. Kama bosi wetu."

Afisa aliinua kichwa. "Rudia."

"Wa kijani ndio vijana."

Hapo Mama Nakala aliona jambo ambalo katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kuliona kwenye uso wa mtumishi wa Idara ya Vijana. Aliona ujana. Ulianzia kwenye pembe za mdomo ukapanda mpaka machoni. Afisa alitoa kalamu.

"Wanachama wana umri chini ya miaka thelathini na mitano?"

"Hakuna aliyefika kumi," Tochi alisema.

"Wana ajira?"

"Hata mmoja."

"Shughuli za kundi?"

"Kuimba," Mama Nakala alisema. "Na kupambana na wadudu."

"Afya ya jamii! Safi. Idadi?"

"Kwa sauti nimehesabu thelathini na moja," Tochi alisema. "Hao ni wanaume. Wanawake hawaiti. Wao huchimba udongo karibu na maji, wanafukia mayai, wanaendelea na mambo yao."

"Kwa hiyo wanaume wanapiga kelele na wanawake wanafanya kazi. Fomu inataka muundo wa kundi."

"Andika muundo wa kawaida," Mama Nakala alisema.

Wote watatu wakaangua kicheko, na chura akahama kutoka begani kwenda kwenye kofia ya Tochi. Kundi likahitaji katibu anayejua kusoma na kuandika. Mama Nakala akaandikwa katibu mlezi, kwa kuwa umri ulikataa. Muhuri ukagongwa palepale juu ya mgongo wa Tochi. Kisha afisa akafungua waraka wake, kifungu cha tisa: eneo la kundi lililosajiliwa halitabomolewa mpaka mhandisi awasikilize wanachama wenyewe na kuandika maoni yao.

"Lakini jihadharini na cha kumi," alisema akivaa raba iliyotoka kwa kishindo. "Wanachama wakikaa kimya mbele ya mhandisi, wamekubali."

Mama Nakala alitazama juu matawini. Vyura wake waliimba ukungu ukishuka, saa nane. Mhandisi angekuja saa tano, jua likiwaka.

Ijumaa alikuja saa tano kasorobo, na mafundi wawili wa misumeno ya mashine. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka na kofia ngumu. Mama Nakala alimpokea verandani na hati ya usajili, nakala nne, na birika la chai. Alimsomea hati yote. Akamsomea waraka, pamoja na jina la mpiga chapa wake. Akamwongezea chai. Mhandisi alikunywa vikombe vitatu, akaangalia saa: tano na nusu.

"Mama, mimi kusikiliza sikatai. Wako wapi hao vijana?"

"Wako kibondeni."

"Twende nikawasikilize, tumalize."

Walishuka. Jua lilipenya kwenye majani, chemchemi ilimeta, na hapakuwa na sauti yoyote. Mhandisi alizungusha macho.

"Sioni mtu."

"Wapo juu," Mama Nakala alisema. "Ni vyura, baba. Wamesajiliwa."

Mhandisi hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa amejenga ofisi nyingi za umma; hapakuwa na cha kumshangaza kwenye karatasi yenye muhuri. Aliisoma hati tena, akaikuta imekamilika. "Sawa. Haya, waheshimiwa wanachama!" aliita juu. "Mna maoni?"

Kimya. Jani moja likadondoka.

"Kifungu cha kumi," alisema mhandisi, akampungia fundi mkono. "Washa."

Fundi akavuta kamba. Msumeno ukanguruma, ukakohoa, ukazimika. Mama Nakala alikuwa amefumba macho, mikono yote miwili imekumbatia shina la mti kama mtu aliyekuta ndugu yake stendi. Na katika ule upenyo wa kimya, kutoka juu kabisa, sauti moja ikajibu.

Kla!

"Ala," Tochi alinong'ona. "Wameuchukulia msumeno kuwa dume."

Fundi akavuta tena. Msumeno ukanguruma zaidi. Na hapo, ndugu zangu, ikawa si kibonde tena, ikawa bunge. Dume geni lenye sauti nzito limeingia nyumbani kwao mchana kweupe, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kulivumilia. Kla! Kla-kla! Kulia, kushoto, juu, nyuma ya kofia ya mhandisi. Fundi akazima msumeno ili asikie vizuri, wakazidi. Mama Nakala alifumbua macho, akaachia mti, akaanza kucheka na kupiga makofi kama msichana.

"Wanasemaje?" mhandisi alipaza sauti, kalamu mkononi.

"Wanasema hapana!"

"Wote?"

"Sikiliza mwenyewe kama kuna anayesema ndiyo!"

Mhandisi alisikiliza kwa uadilifu, kichwa upande, dakika nzima. Akaandika. Akaweka tarehe. Akawaambia mafundi wapakie vifaa, kwa kuwa yeye hakulipwa kubishana na wananchi.

Kule makao makuu faili lilizunguka meza sita. Kila aliyelisoma aliona mara moja kwamba kuna tatizo, na kila mmoja aliona pia saini yake. Masijala waliipeleka barua Idara ya Vijana. Mkurugenzi alilaani vikali. Ripoti ya mwaka ilikuwa tayari imepanda juu ikiwa na vijana thelathini na mmoja wa Ukanda wa Mlimani, na huko juu walikuwa wamepongezwa. Ili kusahihisha faili ilibidi wakubwa sita waseme walikosea. Ili kuhamisha ukumbi ilitosha kusogeza mstari kwenye ramani. Ukumbi ukajengwa bondeni mjini, nyuma ya karakana ya magari, mahali pakavu pasipo na mti hata wa kufungia mbuzi.

Bwana Misitu alipopona aliambiwa yote, akasema, "Nilijua tutaona."

Kundi lililosajiliwa hutakiwa kuwasilisha muhtasari wa kikao kila baada ya miezi mitatu. Mama Nakala hushuka na daftari ukungu unapoanza kuingia, Tochi nyuma yake amevaa fulana ya FURSA IPO. Hukaa juu ya gogo, akafungua kikao, akasoma ajenda kwa sauti, akanyamaza. Kisha huandika haraka, kwa mkono, maneno yake mwenyewe, huku akicheka peke yake: wajumbe wote walihudhuria, wajumbe wote walichangia kwa wakati mmoja, mwenyekiti hakufahamika, kikao kiliahirishwa baada ya katibu mlezi kurukiwa usoni.